Skripti za Ikulu ya kubuni: kwa nini zinakukesha, na uzisomeje

"Shikamoo mwalimu. Shemeji yangu aliyeko Minnesota ameniletea kitabu cha skripti za The West Wing, ule mfululizo wa Ikulu ya Marekani. Wenyewe niliuona kidogo tu, zamani. Nilidhani nitafungua kurasa mbili nikiweke, lakini juzi nimekifunga saa nane usiku. Mume wangu ananicheka, anasema sinema inaangaliwa, haisomwi. Na kweli kuna mahali napotea: majina mengi, vyeo sivijui, wanajibizana haraka hadi narudi nyuma ukurasa mzima. Naomba kujua: ninachosoma ndicho kilichorushwa? Nitazame kwanza au nisome kwanza? Kinaweza kunifundisha Kiingereza na siasa za kule? Na kikundi chetu cha maigizo kinaweza kutafsiri sehemu moja tukaiigiza?"

Marahaba, dada yangu. Naona una mashaka mawili: kwamba unafanya jambo la ajabu, na kwamba pengine unalifanya vibaya. La kwanza lisikusumbue. Aliyepita sekondari Kenya au Tanzania amesoma michezo ambayo hajawahi kuiona jukwaani. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa mwaka 1969, na wengi waliojibu maswali yake kwenye mtihani hawajaona hata pazia lake likifunguliwa. Watoto wa Kenya walisoma Kigogo ya Pauline Kea kwa ajili ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, siasa mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyewaambia kwamba mchezo hausomwi. Tofauti ni kwamba skripti ya televisheni haikuandikwa ikikulenga wewe. Iliandikwa kwa ajili ya watu wa kazi: mwongozaji, mpiga picha, mtu wa mavazi, mwigizaji anayetaka kujua asimame wapi. Wewe unachungulia jikoni chakula kikiwa bado mekoni, na nusu ya utamu unatoka hapo.

Mume wako ana hoja, ila haihusu kila sinema. Chukua sinema ya kufukuzana: kwenye karatasi utakuta "magari yanafukuzana," basi, mstari umekwisha, na kilichofanya watu walipe kiingilio hakimo. Tamthilia ya siasa ni kinyume chake. Huko tendo lenyewe ni neno. Kuahidi, kukanusha, kukataa kutia saini, kuvujisha siri kwa mwandishi wa habari, kuomba radhi nusunusu, yote haya yanafanyika kwa mdomo, na mdomo unaingia kwenye karatasi karibu mzima. Pia mwandishi wa skripti hizo, Aaron Sorkin, alitokea jukwaani: A Few Good Men ilichezwa Broadway mwaka 1989 kabla haijawa filamu. Aliandika au kushiriki kuandika sehemu nyingi sana za misimu minne ya kwanza ya The West Wing, kuanzia 1999 hadi 2003. Kisha akaondoka, na mfululizo ukaendelea bila yeye hadi 2006. Ukiendelea mbele ukaona ladha imebadilika, sababu ni hiyo.

Sasa tuone kinachokukesha. Tazama majibizano haya, niliyoyatunga kwa ajili ya kuonyesha tu:

WAZIRI: Hotuba iko wapi?
KATIBU: Inakuja.
WAZIRI: Inakuja kutoka wapi?
KATIBU: Kwa Mwanasheria Mkuu.
WAZIRI: Hotuba yangu inafanya nini kwa Mwanasheria Mkuu?
KATIBU: Ni ule ukurasa wa tatu.
WAZIRI: Ukurasa wa tatu una nini?
KATIBU: Ahadi.

Hesabu. Waziri ameuliza mara nne, na kila jibu limempa kidogo kuliko alichoomba. Kila swali linaokota neno la jibu lililotangulia na kulirudisha: inakuja, inakuja kutoka wapi, ukurasa wa tatu, ukurasa wa tatu una nini. Wewe msomaji huwezi kusimama katikati kwa sababu kila mstari ni deni, na deni linalipwa kwenye mstari unaofuata kwa kukopa deni jingine. Neno la mwisho, "ahadi," linabeba mambo matatu kwa mpigo: habari, kichekesho na hatari. Sorkin anaishi kwa mbinu hii. Ongeza umbo la karatasi: mazungumzo yamebanwa katikati, pembeni kweupe, kwa hiyo jicho halitembei kushoto kwenda kulia kama kwenye riwaya. Linateremka, na ukurasa unakwisha kabla hujaamua kulala.

Juu ya hapo kuna kuficha. Fungua sehemu ya kwanza kabisa ya mfululizo. Kabla ya majina ya waigizaji tunazungushwa kwa watumishi wa Ikulu mmoja baada ya mwingine, alfajiri. Mmoja yuko nyumbani analalamika kwamba fumbo la maneno la gazeti lina kosa. Mwingine yuko kwenye mashine ya kukimbilia, anaanguka. Mwingine amelala mezani kwake ofisini, mwingine yuko kwenye ndege anagombana na mhudumu. Wote wanapata ujumbe mmoja: POTUS amepata ajali ya baiskeli. Sam Seaborn yuko na msichana aliyekutana naye usiku huo. Msichana anamwambia amwambie rafiki yake Potus kwamba ana jina la kuchekesha na ajifunze kuendesha baiskeli. Sam anamjibu kwamba si rafiki yake, ni bosi wake, na wala si jina, ni cheo. Ndipo mtazamaji wa mwaka 1999, ambaye kwa kawaida hakuijua herufi hata moja ya hizo tano, anaambiwa maana yake: Rais wa Marekani.

Kwenye runinga mzaha huo unapita kwa sekunde chache. Kwenye karatasi unaweza kurudi nyuma ukahesabu ni mara ngapi neno POTUS limetajwa bila kufafanuliwa, na ni nani anashtuka na nani hashtuki. Hapo unaona jinsi mtego ulivyotegwa. Sasa ule urudiaji wako wa ukurasa mzima hauonekani tena kama udhaifu. Mtazamaji hakupewa nafasi hiyo, wewe umepewa.

Sehemu hiyohiyo ina jambo jingine la kukamata kwa kalamu ya risasi. Toby Ziegler, mkurugenzi wa mawasiliano, anabishana na viongozi wa kidini. Mmoja wao anadai amri ya kwanza ni kuwaheshimu wazazi. Toby anamsahihisha kwa ukali: hiyo ni ya tatu. Ngoja kidogo. "Waheshimu baba yako na mama yako" ni amri ya tano kwa Wayahudi na kwa Waprotestanti wengi, na ya nne kwa Wakatoliki. Ya tatu si kwa yeyote kati yao, na Toby ni Myahudi. Runingani hupati hata nafasi ya kukunja kidole, kwa sababu mara mlango unafunguka, rais anaingia na fimbo, na kuitaja amri ya kwanza yeye mwenyewe, "Mimi ni Bwana, Mungu wako." Huo ndio mstari wake wa kwanza katika mfululizo mzima, na sehemu ya kwanza imeshakaribia kwisha. Bwana mmoja aliyeanguka na baiskeli anajitambulisha kwa maneno ya Mungu. Mlango ule unazima hesabu mbovu ya Toby kwa mwenye kutazama, ila kwa mwenye kusoma hauzimi kitu.

Je, unachosoma ndicho kilichorushwa? Karibu, lakini si neno kwa neno. Skripti ya kupigia picha hubadilika hadi siku ya kazi. Katika utaratibu wa Hollywood toleo la kwanza hutoka kwenye karatasi nyeupe, na kila marekebisho hupewa rangi yake: bluu, waridi, manjano, kijani na kuendelea. Mstari uliobadilishwa hutiwa nyota pembeni kulia. Kisha mhariri wa picha naye hukata, maana saa moja ya televisheni ya kibiashara kule, ukitoa matangazo, hubaki na dakika arobaini na kidogo. Hesabu ya kawaida ya watu wa fani ni ukurasa mmoja kwa dakika moja. Waigizaji wa Sorkin husema haraka, kwa hiyo kurasa zake huwa nyingi kuliko dakika zake. Usishangae ukikuta kitabuni mstari mzuri ambao hukuusikia runingani. Na ukiona kila sehemu imegawanywa matendo manne, na kila tendo linaishia pabaya, ujue hapo ndipo matangazo ya sabuni yaliingia. Mwandishi alikuwa anakubembeleza usibadilishe chaneli.

Angalia pia usichanganye skripti na manukuu. Mtandaoni yamejaa maandishi ambayo mpenzi fulani wa mfululizo ameyaandika kwa kusikiliza. Yana faida yake, lakini maelekezo humo ni ya msikilizaji, si ya mwandishi, na jina likisikika vibaya limeandikwa vibaya. Kosa la upande wa pili ni la wanaonunua vitabu vya Yes Minister wakidhani ni skripti. Waandishi wake, Jonathan Lynn na Antony Jay, waliugeuza mfululizo ule wa BBC kuwa shajara za waziri. Vinachekesha sana, ila ukivitumia kujifunzia skripti utakuwa umejifunza kitu kingine kabisa.

Kuna kitu karatasi haikupi, nacho ni mwendo. The West Wing ilisifika kwa watu kuzungumza wakitembea koridoni bila picha kukatwa, na kazi ile kwa sehemu kubwa ilikuwa ya mwongozaji Thomas Schlamme. Kwenye skripti utaona tu kwamba chumba kimebadilika na maneno yanaendelea. Ukifika hapo, simama uyasome ukizunguka sebuleni. Sikutanii. Mapumziko ya pumzi yako yatakuonyesha kwa nini sentensi zimekatwa pale zilipokatwa.

Kuhusu kupotea kwenye vyeo, sehemu ya tatizo ni kwamba unatafuta mtu anayelingana na wa kwetu, na hayupo. Leo McGarry anaongoza watumishi wa Ikulu, lakini si Katibu Mkuu Kiongozi. Katibu Mkuu Kiongozi wa Tanzania ni mkuu wa utumishi wa umma na katibu wa Baraza la Mawaziri. McGarry ni mteule wa kisiasa wa rais, hathibitishwi na Seneti, na rais akiondoka naye anafunga virago. Josh Lyman ni naibu wake. Toby tumeshamtaja, na Sam ni naibu wa Toby. C.J. Cregg ndiye msemaji, anayesimama mbele ya waandishi wa habari. Shika hao watano kwanza, wengine watajishika wenyewe. Mtu anayelingana na Katibu Mkuu wetu utamkuta kwa Waingereza, kwenye huo Yes Minister: Sir Humphrey ni katibu mkuu wa wizara, na baadaye anapanda kuwa katibu wa Baraza la Mawaziri. Serikali zetu zilirithi kiti hicho kwa Mwingereza, ndiyo maana aliyewahi kufuatilia faili wizarani anamcheka Humphrey bila kueleweshwa.

Sasa namna ya kusoma. Chukua sehemu moja, usizidishe kwa siku. Ukila nne mfululizo sauti za wahusika huungana, wote wanakuwa mtu mmoja mwerevu anayejibishana na kivuli chake, na huo kwa kweli ndio udhaifu mkubwa wa Sorkin, kwamba kila mtu kwake ana ulimi wa wakili. Soma mara ya kwanza bila kusimama, hata ukipotea. Mara ya pili kaa na kalamu ya risasi, na mwanzoni mwa kila sini, yaani onyesho moja, andika pembeni maneno matatu au manne: nani anataka nini. Weka alama ya mkwaju (/) kwenye mstari ambapo anakipata, anakikosa, au anaanza kutaka kingine. Sini isiyo na mkwaju ni ya kupumzika, au ni mbovu. Kisha soma sini mbili tatu kwa sauti ukitazama saa. Ukurasa ukikuchukua zaidi ya dakika na nusu unazisoma kama barua, ongeza mwendo. Kosa la kawaida la wasomaji wapya ni kuruka jina la msemaji lililo juu ya mstari, na ndio mwanzo wa kuchanganyikiwa kwingi. La pili ni kuruka maelekezo kwa kudhani ni mapambo. "Anasita" lililoandikwa na mwandishi mwenyewe linaweza kugeuza "ndiyo" ikawa "hapana."

Kutazama kwanza au kusoma kwanza? Kila njia ina gharama yake. Ukitazama kwanza hutapotea, lakini utakuwa unasoma sauti ya Martin Sheen, aliyeigiza rais, na kichwa chako hakitatunga chochote. Ukisoma kwanza utahangaika, ila sini utaijenga mwenyewe, na siku ya kutazama utaona pale mwigizaji alipochagua tofauti na wewe. Kwa kuwa mfululizo uliuona kidogo tu na ni zamani, ningekushauri utazame sehemu ya kwanza peke yake ili sura na vyeo vikae, halafu zilizobaki uanze na karatasi.

Kiingereza utakipata, hasa mdundo wa kujibu kwa mkato na maneno ya ofisi za serikali. Usiende kuzungumza hivyo sokoni wala kwenye usaili wa kazi, maana hata Wamarekani hawazungumzi hivyo. Siasa nazo utazipata, kwa tahadhari. Tamthilia hubana miezi ikawa siku moja, na hufanya hoja nzuri ishinde mara nyingi kuliko inavyoshinda bungeni kokote. Weka Katiba ya Marekani karibu, ni fupi, na kila wanapotaja Seneti au kura ya turufu ufungue uone imeandikwaje.

Na usome kwa macho ya hapa kwetu. Kuna sehemu ya Oktoba 2000, ya nne katika msimu wa pili, iitwayo In This White House. Rais wa nchi ya kubuni ya Afrika, Nimbala, aliyeigizwa na Zakes Mokae wa Afrika Kusini, anakuja Washington kuomba nafuu ya bei ya dawa za UKIMWI. Kama haimo kitabuni mwako, itafute uitazame. Katika kikao Toby anaeleza kwamba dawa hizo ni vidonge kumi kwa siku, kwa saa maalumu. Anapoulizwa tatizo ni nini, anajibu kwamba wagonjwa kule hawana saa za mkononi, hawajui kusoma saa. Runingani mstari huo unaanguka kwa uzito, chumba kinanyamaza, na mtazamaji anaelekezwa kusikitika. Karatasini hakuna wa kukuelekeza. Wewe uliyefunga kitabu saa nane usiku, katika lugha inayohesabu saa kuanzia jua linapochomoza na nyingine kuanzia linapozama, una haki ya kuuliza mbona hakuna mtu mezani aliyembishia. Mwaka uliofuata, 2001, mkuu wa shirika la misaada la Marekani, Andrew Natsios, alisema hadharani maneno ya aina hiyohiyo kuhusu Waafrika na saa. Mwaka huohuo, mwezi Februari, kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuuza mseto wa dawa hizo kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, na baadaye mamilioni ya Waafrika walizimeza kwa ratiba bila kungoja kugawiwa saa. Skripti ile sasa ni ushahidi wa jinsi watu wenye nia njema walivyofikiri mwishoni mwa mwaka 2000. Ichore mistari pembeni bila huruma.

Swali la kutafsiri na kuigiza ndilo ninalotaka usilimalize kwa kusoma majibu kama haya peke yake. Kusoma kwa sauti sebuleni ni jambo moja. Kuitafsiri, kuiweka mbele ya watu, kuirekodi au kuirusha mtandaoni ni jingine, hata kama hamtozi kiingilio. Mfululizo ulitengenezwa chini ya Warner Bros., na tafsiri ni haki ya mwenye kazi. Kwa Tanzania Bara nenda ana kwa ana COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukiwa na kitabu chenyewe mkononi na maelezo ya ukurasa mmoja: sehemu ipi, wapi, mara ngapi, bure au kwa malipo. Wenzenu wa Kenya wana KECOBO. Uulize kabla ya mazoezi, si baada ya kubandika matangazo.

Njia rahisi zaidi, na kwangu ndiyo bora, ni kuandika ya kwenu. Maneno ya skripti yana mwenyewe, mbinu haina. Chukueni kikao cha serikali ya mtaa kuhusu bomba la maji, watu watano, kurasa kumi, kila jibu litoe kidogo kuliko lilivyoombwa. Mkimaliza mtafuteni mwongozaji wa jukwaa aketi nanyi awasikilize mkiisoma mara moja tu, asiwe na nakala mkononi. Pale atakapouliza "nani huyo anaongea?" pana kasoro ambayo nyinyi mlioiandika hamtaiona kamwe.

Na mume wako mpe Leo McGarry, pale anapolipigia gazeti simu kwenye sehemu ya kwanza. Hana wa kujibizana naye, upande wa pili wa simu hausikiki, ni yeye tu na hasira yake: herufi za jina la Gaddafi zimekosewa kwenye fumbo, na yeye mtu huyo amekutana naye mara mbili. Akianza kugonga meza, mwachie na ukurasa unaofuata.